Mbuzi wa Shukrani

Siku ya tatu tangu Sajini mstaafu Silasi Werema auawe uani kwake, mbuzi alikuwa bado amefungwa kwenye nguzo ya zizi, na hakuna aliyekuja kumdai.

Inspekta Rhobi Wambura alimzunguka taratibu. Beberu wa kahawia, mnene, kamba mpya ya katani shingoni. Kijiji kizima cha Ryamwinja, wilayani Butiama, kilikuwa kimeshapita hapo kulia, kula ugali wa msiba na kusema lake, lakini mbuzi huyo watu walimkwepa. Rhobi alikuwa na miaka kumi na minne katika upelelezi, ofisi ya Musoma, na alichojifunza ni kwamba mtu wa Mara hasahau mfugo wake. Kwa ng'ombe atapigana, kwa mbuzi atakwenda mahakamani, kwa kuku atamnunia jirani mwaka mzima. Mwenye mbuzi huyu hakusahau. Aliogopa kuja.

"Kwa hiyo hujui ni wa nani?" akamuuliza mjane.

Matrida alikuwa ameketi kwenye kizingiti cha jiko, miguu ameinyoosha, sauti imemkauka kwa kulia. "Jumamosi mchana nilikuwa jumuiya, afande. Nimerudi saa kumi, nikamkuta baba watoto amelala pale, na huyo mbuzi amefungwa hapo. Watu wanasema ni wa Makongoro."

"Na wewe unasemaje?"

"Mimi sina la kusema. Nimechoka."

Ripoti ya daktari ilikuwa ukurasa mmoja. Kilichomuua Silasi ni panga la shingo. Kabla ya hapo vidole vitatu vya mkono wake wa kushoto vilivunjwa, kimoja kimoja. Rhobi alikuwa ameusoma mstari huo mara nne. Mtu aliyekuja kuua tu hana haja ya vidole. Anayevunja vidole anauliza swali, na akifika cha tatu ujue hajajibiwa. Kwenye vumbi la uani zilikutwa nyayo za watu watatu: wawili wenye katambuga za matairi, mmoja mwenye viatu vya ngozi vyenye kisigino.

Kulijua swali lililoulizwa hakukuhitaji mganga. Silasi alikuwa amerudi kutoka jeshini na ujuzi mmoja ambao kijiji kilikuja kuuita "simu ya Silasi". Mahali fulani, karibu na njia wanayopitisha ng'ombe wa wizi, alikuwepo mtu mmoja mwenye simu ndogo ya tochi. Mtu huyo akiona kundi linapita, anampigia Silasi, na Silasi anawapigia polisi na vijana wa ulinzi. Kwa miezi minane wezi walikuwa wanakamatwa kabla hawajavuka korongo. Nani alikuwa anapiga? Mwenyekiti wa kijiji hakujua. Polisi hawakujua. Matrida, aliyelala kitanda kimoja na Silasi miaka ishirini na sita, hakujua. Namba yenyewe Silasi aliiweka kichwani, na kila akimaliza kuongea aliifuta. Wauaji walikuwa wameondoka na simu yake, na Rhobi aliamini kwamba ndani yake hawakukuta kitu.

Lakini kampuni ya simu haifuti. Jumatatu Rhobi alikuwa amemtuma msaidizi wake, Koplo Ngusa, na barua rasmi ya kuomba orodha ya namba zote zilizompigia marehemu. Mtu huyo asiyejulikana ndiye aliyekuwa anatafutwa na wauaji, na huenda aliwaona. Ndivyo kazi ya upelelezi inavyofanywa.

"Mama," akasema Rhobi, "Alhamisi kwenye mkutano wa kijiji mumeo alikataa nini hasa?"

"Alikataa mbuzi," alijibu Matrida. "Ng'ombe za Makongoro ziliokolewa zote kumi na moja. Sasa huku kwetu, mtu akipiga yowe mali ikapona, mwenye mali anampelekea mbuzi nyumbani, na vigelegele. Makongoro akasimama akasema nitajieni aliyepiga simu nimpelekee mbuzi wake. Silasi akasema hapana. Makongoro akamwambia maneno mabaya. Akamwambia utakufa hujashukuriwa." Akajifuta uso kwa ncha ya kanga. "Kwa nini alikataa mimi sijui. Muulize Isaya, yupo Nyegina. Walikuwaga wote Kongo."

*

Makongoro alikutwa zizini kwake akiwapulizia ng'ombe dawa ya kupe, bomba mgongoni, suruali ameikunja mpaka magotini. Alipomwona Rhobi hakusalimia.

"Nilijua mtakuja," akasema. "Kijiji chote kinaniangalia mimi. Haya, nifunge."

"Shikamoo, mzee."

Salamu hiyo ilimkata makali. "Marahaba, binti yangu."

"Ulimwambia Silasi atakufa hajashukuriwa."

"Nilisema. Na amekufa hajashukuriwa, na mdomo wangu huu nitazikwa nao." Akaweka bomba chini. "Nisikilize. Ng'ombe kumi na moja. Hapo kuna mahari ya wanangu wawili, kuna maziwa ya wajukuu. Zinarudi zote, hata ndama, halafu mtu ananiambia nikae kimya? Mimi ni mbwa? Hasira ilinishika. Lakini panga sijashika."

"Na mbuzi?"

"Njoo."

Alimpeleka nyuma ya ghala. Mbuzi mweusi mwenye mabaka meupe alikuwa anatafuna majani ya viazi. "Huyu ndiye. Nilimtenga tangu Jumatano, yupo mpaka leo. Yule wa kule kwa marehemu nimemwona. Umemtazama pembe?"

"Zina rangi nyekundu."

"Basi. Rangi ni ya mnadani. Mbuzi wa shukrani hanunuliwi, mama. Anatoka zizini kwa mtu aliyeokolewa, amezaliwa hapo, mwenye mali amemjua tangu anajifunza kusimama. Ukinunua mnadani hujashukuru, umelipa tu. Kila mtu hapa anajua. Aliyepeleka yule amesikia tu kwamba watu wanapelekaga mbuzi."

Rhobi aliandika. Kisha akamwomba mzee anyooshe miguu, akazitazama nyayo zake: pana, peku, zimepasuka. Mzee Makongoro hakuwa na viatu vya ngozi tangu azaliwe.

*

Isaya alikuwa na karakana ndogo Nyegina, hatua chache kutoka misheni, akitengeneza madawati ya shule. Koplo mstaafu, mwembamba, penseli sikioni. Habari za Silasi alikuwa amezipata Jumapili. Aliposikia kuhusu mbuzi aliyefungwa zizini, randa ikasimama katikati ya ubao.

"Mbuzi? Nani amempelekea Silasi mbuzi?"

"Ndilo ninalotafuta. Niambie kwa nini hakuwataka."

Isaya aliivuta stuli akakaa. Alianza kwa mbali, kama watu wanavyofanya wakiwa na neno zito.

"Kijiji chenyewe kilikuwa bondeni, kambi yetu ya walinda amani mlima wa pili. Dakika arobaini kwa gari kama mvua haijanyesha. Waasi walikuwa msituni, dakika kumi kwa miguu. Sasa hapo unamlinda nani? Jumanne na Ijumaa tulikuwaga tunawasindikiza akina mama shambani. Wanachimba muhogo, sisi tumesimama na kofia zetu za bluu, wanarudi. Siku tano zilizobaki hawathubutu kutoka. Na kila tukiwarudisha walituuliza swali moja tu. Mtakaa mpaka lini?"

"Mlijibu nini?"

"Tupo." Isaya akapangusa vumbi la mbao gotini. "Tulijibuga hivyo. Tupo. Waliotutangulia walijibu hivyo, na waliokuja baada yetu."

"Endelea."

"Silasi akaona hii haiendi. Akaomba ruhusa kwa wakubwa, tukatoa simu. Kijiji kimoja, simu moja, mtu mmoja. Pale alimchagua mama mmoja anaitwa Benedikta, muuza mawese. Nyumba yake ilikuwa inaangalia mto. Siku moja asubuhi akapiga: wanavuka. Tukaenda mbio, barabara kavu. Watu walikuwa wamejifungia kanisani, karibu mia mbili, wengi wao watoto. Waasi waliposikia magari wakarudi walikotoka. Hatukupiga hata risasi. Mia mbili, afande. Kwa simu moja."

"Kazi nzuri."

"Kazi nzuri, ndiyo." Isaya alicheka kicheko kibaya. "Lakini Silasi ni mtu wa huku. Amelelewa kwamba aliyepiga yowe hashukuriwi gizani. Jumapili yake akatafuta mbuzi, na kwa vile zizi lake lilikuwa mbali, akanunua. Tukapanda kwenye gari jeupe lenye maandishi ubavuni, tukampelekea Benedikta mpaka mlangoni. Watu wakaja, makofi, vigelegele. Mama wa watu alikuwa anatetemeka, sisi tukadhani ni furaha. Mimi ndiye nilikuwa nimeshika kamba."

Nje kengele ya misheni iligonga saa sita.

"Siku ya nne simu ikaita. Hakuna aliyeongea. Ilikuwa ni kupumua tu. Dakika arobaini. Tulimkuta ameshakufa, amefungwa kwenye nguzo kwa kamba ileile ya mbuzi. Tukapeleka ripoti. Ripoti ikaandika: raia mmoja. Habari ya mbuzi hawakuiandika, na hakuna aliyetuuliza. Silasi hakugusa nyama ya mbuzi tena mpaka kufa kwake."

Rhobi alifunga daftari. Hofu ilikuwa imemshika, na hakuona haja ya kuificha. Alitoka nje ya karakana akampigia Ngusa.

"Majibu ya kampuni ya simu?"

"Bado, afande. Wamesema labda mpaka wiki ijayo."

"Yakija, bahasha usiifungue. Usimwonyeshe mtu. Niletee mimi mkononi."

"Sawa, afande."

*

Asubuhi ya Jumatano Rhobi aliendesha pikipiki ya ofisi mpaka Bunda, picha ya mbuzi ikiwa kwenye simu. Afisa mifugo wa mnada, dada mmoja mnene anayeitwa Gloria, alikuwa na banda la mabati, meza moja na ndoo tatu za rangi.

"Nyekundu ni ya Ijumaa iliyopita," akasema bila kuhangaika. "Wiki hii ni bluu. Tunabadilishaga, maana watu wajanja."

"Aliyemnunua alichukua kibali cha kumsafirisha?"

"Bila kibali kizuizini hapiti." Gloria alilowesha kidole akafunua kurasa. "Ijumaa wengi walichukua ng'ombe. Mbuzi mmoja peke yake... nilimcheka hata. Nikamwambia leo umefulia? Huyu hapa. Beberu, kahawia, mmoja. Kwenda Butiama. Edwin Kulwa."

"Unamjua?"

"Nani asiyemjua? Dalali wa ng'ombe. Kila wiki anashusha na kupakia. Ng'ombe na mbuzi anawachukuaga kwa makundi, si mmojammoja."

Rhobi alimjua pia, kwa jina na kwa sura. Edwin Kulwa alikuwa katibu wa kamati ya ulinzi ya Ryamwinja. Jumapili, siku ya pili ya msiba, ndiye aliyempokea Rhobi kijijini, akamtandikia kiti na kumweleza kwa huzuni jinsi Makongoro alivyomtukana marehemu. Ama kweli, kikulacho ki nguoni mwako.

Akapiga simu kituo cha polisi kilicho karibu na kijiji, akaomba Edwin aitwe kwa mazungumzo ya kawaida. Kisha akawasha pikipiki. Kati ya Bunda na Butiama kuna vilima ambako mtandao hukatika, na simu yake ilikaa mfukoni kimya karibu saa nzima. Wakati huo hakuwaza chochote kuhusu ukimya huo.

*

Edwin alikuja mwenyewe, ametabasamu, shati limepigwa pasi. Rhobi alimpokea kwenye chumba cha nyuma, akaomba simu yake na kuiweka mezani katikati yao. Kisha akatazama miguu. Viatu vya ngozi, visigino vigumu.

"Ijumaa ulinunua mbuzi Bunda."

"Nanunuaga kila Ijumaa, afande. Ndiyo mkate wangu."

"Yuko wapi?"

"Nimeshachinja. Wageni."

Rhobi aligeuza simu yake akamwonyesha picha. "Huyu hajachinjwa."

Edwin aliitazama picha muda mrefu kuliko inavyohitajika. "Ah. Huyo. Nilikuwa nimesahau. Huyo nilimpelekea mzee Silasi, amfikishie yule mtu wa simu. Shukrani tu. Kwa niaba ya kijiji."

"Alhamisi kijiji kiliambiwa hakuna mbuzi. Ijumaa wewe ukanunua."

"Niliona si utu, afande. Mtu anatusaidia hivi, tunakaa kama mawe?"

"Ulimpelekea saa ngapi?"

"Jumamosi asubuhi. Nikamwacha mzee mzima kabisa, anakunywa uji."

"Matrida alitoka saa saba kwenda jumuiya. Mbuzi hakuwepo."

Edwin alijikuna shavu. "Basi labda ilikuwa mchana. Saa sikuangalia."

"Mwaka huu wezi wamekuchukulia ng'ombe wangapi?"

"Mimi? Hata mmoja."

"Mwaka jana?"

"Hakuna. Mungu amenilinda."

"Una ng'ombe arobaini. Kila boma Ryamwinja limeibiwa ila lako." Rhobi alisogeza kiti. "Mbuzi wa shukrani anatolewa na aliyeokolewa. Makongoro aliokolewa kumi na moja, ana mbuzi wake, yupo. Wewe hukupoteza kitu na hukurudishiwa kitu. Sasa Jumamosi ulikuwa unashukuru nini, bwana Edwin?"

Tabasamu lilibaki mdomoni lakini macho yaliondoka. "Afande, mtu akifanya wema naye anashitakiwa? Shukrani ya punda ni mateke."

"Ulitaka jina. Ulidhani Silasi akiona mbuzi atasema haya, twende nikupeleke. Alipoona mbuzi akakujua papo hapo, maana yeye mbuzi wa namna hiyo alishawahi kumpeleka mwenyewe. Kisha wenzako wawili wa katambuga wakaanza na vidole."

"Wenzangu gani?"

"Vua viatu."

Edwin aliinama kufungua kamba. Hapo ndipo simu yake iliyokuwa mezani ikatetemeka. Ikatetemeka tena, na tena, na kioo kikawaka. Ulikuwa mfululizo wa ujumbe kutoka kundi la WhatsApp la kijiji, na wa kwanza ulikuwa picha.

Gari la polisi limeegeshwa mbele ya nyumba ya udongo yenye bati. Koplo Ngusa amesimama wima, kofia kichwani, anamkabidhi mwanamke mmoja mfuko wa sukari na kanga mpya. Chini mwenyekiti wa kijiji alikuwa ameandika: *Hongera mama yetu Wankyo kwa kulinda mali za wananchi kwa simu yako! Jeshi la Polisi lashukuru!* Na chini ya hapo vidole gumba, makofi, maua. Kundi lilikuwa na wanachama mia mbili na kumi na wanne.

Rhobi aliigeuza simu kifudifudi, lakini alichelewa. Edwin alikuwa ameinua kichwa, kiatu kimoja mkononi.

"Kumbe ni huyu," akasema polepole. "Wankyo wa pale juu ya korongo. Hata singemdhania."

Kisha akakaa vizuri, akaweka kiatu mezani kwa upole.

"Mimi nipo hapa na wewe, afande. Andika kwenye daftari lako. Chochote kikitokea huko leo au kesho, mimi nilikuwa hapa na wewe."

*

Nakala. Aliisahau nakala. Barua ya Jumatatu ilikuwa na mstari mmoja chini kabisa, kama utaratibu unavyotaka: nakala kwa mkuu wa kituo, kwa hiyo majibu nayo yangemfikia yeye. Yeye mwenyewe aliuandika kwa mkono wake. Edwin alimwacha mahabusu, na Rhobi alijilaani kwa sauti juu ya pikipiki, njia nzima, kilomita kumi na sita za vumbi na makorongo, na ikiwa kuna mtu alimsikia basi alisikia Kikurya ambacho hakifai kuandikwa.

Nyumba ya Wankyo ilikuwa ukingoni mwa kilima, mlango unatazama njia ya ng'ombe iliyo chini. Ilikuwa saa tisa, jua kali. Gari la polisi lilikuwa bado pale, na wanawake kama ishirini walikuwa wanaimba. Ngusa alimjia mbio, uso unang'aa kwa jasho na furaha.

"Afande! Majibu yametoka leo asubuhi, kwa mkuu. Nilikupigia mara tatu, ulikuwa haupatikani. Mkuu akasema mama kama huyu lazima ashukuriwe mbele ya watu, wengine waige. Sukari ametoa yeye, kanga nimeongeza mimi." Akaona uso wa Rhobi. "Nimekosea nini?"

"Toa gari mbele ya nyumba."

"Afande, kwetu mtu akifanya jema..."

"Najua, Ngusa. Hata kwetu. Toa gari."

Wankyo alikuwa ameketi kwenye kigoda kando ya mlango, mama wa miaka arobaini hivi, mikono migumu ya kuchuma pamba. Mfuko wa sukari ulikuwa mapajani na kanga juu yake, imekunjwa bado, haijaguswa. Wanawake walikuwa wanacheza mbele yake naye aliwatazama kama mtu anayetazama mvua ya mawe ikipiga shamba lake. Rhobi alichuchumaa pembeni.

"Shikamoo, dada. Mimi naitwa Rhobi. Kosa hili ni langu."

"Marahaba." Wankyo hakugeuka. "Mzee Silasi alikuja hapa mara moja tu, siku ya kunipa simu. Hata maji hakunywa. Aliniambia, mama, watu wakikulaumu vumilia, wakikusema vumilia. Lakini siku ukiona mtu amekuja kukushukuru, chukua watoto uondoke."

"Watoto wako wapi?"

"Gari lilipoonekana kule chini nikawatoa kwa mlango wa nyuma. Wamekwenda kwa kaka yangu. Mimi nimebaki ili mnione nimekaa." Akavuta pumzi. "Walimuuliza jina langu, eti? Kabla hawajamuua."

"Walimuuliza."

"Akasema?"

"Hakusema."

Wankyo aliinamisha kichwa, na chozi moja likaangukia kanga mpya likaacha doa. Chini njiani vigelegele vilianza upya. Mzee Makongoro alikuwa anapanda kilima akivuta mbuzi wake mweusi mwenye mabaka, wanawe wawili nyuma yake, mkewe anaimba. Alikuwa amevaa koti la kanisani. Machozi ya furaha yalimtoka waziwazi, na alipofika alipiga goti moja mbele ya kigoda, mzee wa miaka sabini.

"Binti yangu," akasema, "ni wewe! Ng'ombe kumi na moja! Nimekupata sasa, dunia nzima ijue."

Akaifunga kamba kwenye nguzo ya mlango.

Rhobi alitazama juu ya vichwa vya watu. Ng'ambo ya korongo, kwenye mteremko, wanaume wawili walikuwa wamesimama na baiskeli moja. Hawakuimba wala hawakusogea. Kwa umbali ule hakuweza kuona miguuni wamevaa nini. Alimwita Ngusa, akamwonyesha kwa macho, na Ngusa akaanza kushuka kuelekea huko. Lakini kabla hajafika nusu wale wawili walikuwa wamepanda baiskeli, wakatokomea nyuma ya mkonge.

"Nitaweka askari hapa," akamwambia Wankyo. "Kuanzia leo. Edwin Kulwa nimemshika, na hao wengine nitawapata."

"Askari wangapi?"

"Wawili."

"Na pamba yangu iko shambani haijachumwa. Shamba liko kule chini, wanakopita." Wankyo sasa alimgeukia, na macho yake hayakuwa na lawama, ingawa Rhobi angependelea kulaumiwa. "Hao askari wawili. Mtakaa mpaka lini?"

Watu walikuwa wanapiga makofi. Mbuzi alikuwa anavuta kamba. Rhobi alitafuta jibu lenye tarehe, lenye idadi ya siku, jibu ambalo mkuu wa kituo angelitilia sahihi, akalikosa.

"Tupo," akasema.

Wankyo aliitikia kwa kichwa, kama mtu aliyekwisha kupewa jibu hilo zamani. Akainuka, akamrudishia Rhobi sukari na kanga mikononi, akaingia ndani. Alipotoka alikuwa na furushi kichwani, na fundo lake lilikuwa limeshafungwa tangu siku nyingi. Akampita mbuzi, akawapita wanawake walioacha kuimba mmoja mmoja, akashika njia ya nyuma ya nyumba bila kufunga mlango.